Bluu Niliyomlazimisha Bibi

Wiki iliyopita fundi rangi alinitonesha kidonda cha zamani, rafiki yangu. Tulikuwa tumesimama kwenye chumba kipya hapa Sekei, kadi ya rangi mkononi, akaniuliza, "Dada, tupige rangi ya joto au ya baridi? Mimi nakushauri ya joto. Ukipiga bluu, utaona baridi ya Julai mwaka mzima." Nikacheka kidogo, kisha nikatoka nje nikajifanya napokea simu. Aibu ya utotoni ilikuwa imenipanda mpaka masikioni.

Bibi aliyenilea kule mlimani Meru alikuwa akisiriba chumba chake kwa udongo mwekundu na samadi kila baada ya mavuno. Mimi nilichota maji, naye akilainisha ukuta kwa kiganja huku akiimba nyimbo za kanisani. Alisema wekundu ule unapasha chumba moto, na kweli, asubuhi za ukungu tulikunywa uji humo bila kutetemeka.

Kisha mwalimu wangu wa kipaimara akasema atatutembelea. Sebule yake ilikuwa ya bluu. Nikamsumbua bibi siku tatu nzima: tupake bluu, watu wa kisasa hawakai kwenye udongo. Akakubali. Akanunua chokaa, akakoroga na bluu ya kufulia nguo, akapaka peke yake, maana mimi sikutaka kuchafuka. Ilipokauka, wekundu ukachomoza mabakamabaka. Chumba kikawa kibaya kuliko mwanzo, tena cha baridi.

Siku ya ugeni bibi alipika loshoro, mahindi yetu ya maziwa mgando, akavaa kitenge kipya, akakaa mlangoni. Mimi nikamwahi mwalimu njiani, kwenye migomba. "Shikamoo, mwalimu. Bibi amesafiri." Akageuza. Nikarudi nyumbani nikasema sijamwona. Bibi alimngoja mpaka jua likazama.

Jumapili, nje ya kanisa, mwalimu akamsogelea. "Shikamoo, bibi. Pole na safari."

Bibi alinitazama mara moja tu. "Marahaba, mwalimu. Asante, nimerudi salama."

Hakuniuliza kitu, siku ile wala baadaye. Nyumba imeshabomolewa, binamu zangu wamejenga ya matofali, na bibi amezikwa pale uani. Nilikuwa na miaka mingi ya kumwomba radhi. Yote niliimaliza nikingoja aanze yeye.