Injini ya Dizeli Ukumbini

Harufu ya dizeli ndiyo iliyokuwa ikituamsha vuli ile, kabla hata ya adhana ya alfajiri. Haikutoka barabarani. Ilitoka ukumbini kwetu, Amani, ambako baba aliilaza injini aliyoinunua juu ya matairi mawili mabovu, akaifunika turubai la buluu. Aliogopa kuiacha gereji, isije ikachomolewa kifaa kimoja kimoja mpaka likabaki fuu tupu. Basi ikakaa hapo, kati ya mlango wa mbele na jiko, na kila aliyeingia ilimbidi ajipinde apite ubavuni mwake. Mama akipita na sufuria ya moto mkono mmoja, mkono wa pili anakusanya kanga zake zisiguse. Haikusaidia. Mafuta yalichuruzika kwenye busati, kutoka kwenye busati yakahamia kwenye nyayo zetu, na mwishowe hata uji wa pilipili manga niliokunywa kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani niliuona una ladha yake.

Baba yangu, Makame, alikuwa dereva wa teksi. Gari lake lilikuwa dogo, jeupe, la petroli, na hakuna kitu alichokipenda kama kulifuta vumbi. Kila asubuhi alilipangusa kwa kitambaa laini, vioo kwanza, kisha boneti, kisha milango, akiimba kwa sauti ya chini kama mtu anayemuogesha mtoto. Gari hilo ndilo lililotulisha, na ndilo lililompeleka mama kwao Makunduchi kila alipoingiwa na wasiwasi juu ya mama yake. Bibi Mwaka, huyo bibi yangu, alikuwa mtu mzima, na kifua chake kilimbana kila mvua zilipoanza. Mama hakuweza kumaliza wiki mbili bila ya kwenda kumkanda mgongo kwa mafuta ya nazi.

Injini ya zamani ilikufa pale Mtoni, baba akirudi kutoka Bububu na abiria. Ilitoa mlio kama sufuria iliyoangushwa sakafuni, ikanyamaza. Gari likavutwa kwa kamba hadi gereji ya Fundi Vuai, karibu na kwetu, na fundi alipoifungua alitikisa kichwa tu. Haikuwa ya kutengenezeka. Ilibidi itafutwe nyingine, na ya aina ile haikuwapo kisiwani. Labda ije kutoka bara, na hakuna aliyejua lini. Baba alizunguka wiki nzima, akarudi na habari ya injini ya dizeli iliyotolewa kwenye gari la mizigo lililopinduka. Alikuwa na furaha ambayo sijamuona nayo tena.

Nilikuwapo gereji siku alipomwambia fundi, kwa sababu mama alinituma nimpelekee baba chai. Fundi Vuai alimsikiliza mpaka mwisho, akajifuta mikono.

"Kuingia itaingia, Makame," alisema. "Nitakata hapa, nitachomelea pale, itaingia. Lakini gari yako haikuundwa kubeba uzito huu. Springi za mbele zitalala. Rejeta yako ndogo, itachemsha. Na giaboksi yako ilizoea injini nyingine. Mimi ningekuwa wewe, ningesubiri ya aina yake."

"Nisubiri mpaka lini, Fundi? Watoto wale upepo?"

"Sikwambii usifanye. Nakwambia ninavyojua."

"Umesema itaingia?"

"Nshakwambia, itaingia."

Njiani baba alinishika mkono akanambia, "Umemsikia Fundi? Itaingia." Na usiku, wakati wa kula, alimueleza mama faida zake zote: dizeli inakula kidogo, dizeli ina nguvu, injini ile ingemzika yeye mwenyewe na ikabaki nzima. Mama alikuwa akichambua samaki wa mdogo wangu, akitoa miiba. "Ilimradi inifikishe kwa mama," alisema.

Injini ilikaa ukumbini mpaka mvua zilipokaribia kwisha, kwa sababu kila siku kilikosekana kitu. Hatimaye wanaume wa mtaani waliibeba kwa mti, ikatoka nje, na jioni ya kuamkia sikukuu gari likawaka. Mtaa mzima ulisikia. Lilinguruma mpaka vikombe vikagongana kabatini. Tukapanda sote, baba akatuzungusha, na mimi niliyekaa nyuma niliona jinsi pua ya gari ilivyoinama mbele kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Usukani ulikuwa mzito, mikono ya baba ilijaa mishipa kwenye kila kona. Abiria walipanda mara moja, hawakupanda tena. Mwanamke mmoja mja mzito aliomba ashushwe kabla ya kufika kwake, kwa jinsi kiti kilivyomtikisa. Siku ya pili ya sikukuu, wenzake baba walipokuwa hawana hata nafasi ya kula, yeye alikuwa gereji akichomelea ekzosi iliyokatika.

Kisha asubuhi moja simu ya mama ikalia. Alikuwa Mjomba Pandu, kaka yake, anayekaa na bibi Makunduchi. Sauti yake niliisikia mpaka nilipokaa: "Mize, njoo. Mama taabani. Anakuuliza wewe."

Jirani yetu, Mzee Khamis, alikuwa na gari zima, na alipomuona mama anatoka na mkoba huku analia, alikuja na ufunguo mkononi. "Makame, chukua yangu. Iko tayari, nshajaza mafuta."

Baba alitazama ule ufunguo. Watu walikuwa barazani, wote wamesikia. "Ahsante, mzee wangu," alijibu. "Gari ninayo."

Mdogo wangu aliachwa kwa jirani. Mama akafungua mlango wa mbele akaingia, na mimi nikaingia nyuma.

Tulifika Tunguu mvuke ukitoka kwenye boneti. Baba akaomba maji kwenye nyumba ya watu, tukasubiri ipoe, akajaza, tukaondoka. Msitu wa Jozani tuliupita polepole, akilinyamazisha gari kwenye miteremko ili lipumzike. Mama alikuwa na tasbihi na midomo yake haikutulia. Tulipoipita Kitogani, kitu kikavunjika chini ya miguu yetu. Gari likaendelea kunguruma, lakini halikusogea tena.

Baba alishuka akaingia uvunguni. Mama akamngoja. Jua lilipanda. Alipotokeza uso, umejaa mafuta, alisema, "Giaboksi. Nipe muda kidogo, Mama Salma."

"Mama yangu hana muda," mama akajibu. Akanishika mkono. "Twende sote, Makame. Iache gari."

"Nikiiacha hapa wataifungua yote."

Mama alimtazama, wala si kwa hasira. Nilikuwa mtoto lakini niliujua uso ule. Ni uso wa mtu aliyekwisha kujibiwa. Tukaanza kutembea. Mbele kidogo ikatuchukua keri, gari dogo la mizigo, iliyobeba magunia ya mwani, na nilipogeuka nyuma niliona miguu ya baba tu, imetokeza chini ya gari.

Mjomba Pandu alitupokea mlangoni. Bibi alikuwa amefariki wakati wa adhuhuri. Wanawake walisema alikuwa akiuliza, "Mize kafika?" na kila walipomjibu "yuko njiani," akifumba macho. Mama aliwahi kumuosha. Bibi alizikwa baada ya alasiri, na wanaume waliolibeba jeneza walimuuliza mjomba, yuko wapi mkwe? Baba alifika kesho yake, kwa miguu na kwa kupakiwa, shati lake jeusi kwa mafuta. Walimpa maji ya kunawa. Hakuna aliyemlaumu kwa maneno.

Khitma ikasomwa, siku zikapita, mama hakurudi Amani. Baba alikuja kumtaka arudi, akaketi kwenye kiti cha ugeni, akasema nyumba iko peke yake. Wakati ule gari lilikuwa limekwisha kuvutwa hadi Amani, na injini imetolewa tena, imerudi pale pale ukumbini.

"Ningerudi," mama alimwambia, "lakini nikakae wapi? Ukumbini kuna mashine."

Alidhani baba atasema ataitoa. Baba aliinamisha kichwa, akaanza kueleza kwamba kosa halikuwa la injini, bali giaboksi, na kwamba Fundi Vuai amesikia habari ya giaboksi nyingine.

Sasa nafanya kazi Mji Mkongwe, na umri wangu umepita ule aliokuwa nao mama siku ile. Nimewauliza mafundi wa siku hizi kama kutia injini ya dizeli kwenye gari la petroli kuna maana, na wananicheka kwa upole. Wanabadilisha kila siku, wanasema. Siri ni kuchukua injini na giaboksi yake, nyaya zake, rejeta yake, vyote pamoja, na kuchagua gari linaloweza kuvibeba. Hapo gari linakwenda miaka. Kwa hiyo lilikuwa jambo linalowezekana. Sijui kwa nini kulijua hilo kunanichosha zaidi.

Mama yuko Makunduchi, analima mwani na magoti yanamsumbua. Hajaolewa tena, wala hamtaji baba. Baba yuko Amani. Macho yake yameingia ukungu, leseni haina kazi. Gari liko ubavuni mwa nyumba. Sakafu yake imeliwa na kutu mpaka majani yameota ndani, na kuku wa jirani wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Mwezi uliopita nilikwenda kumuona, akanisikia mlangoni, akaniita.

"Salma."

"Naam, baba."

"Huko mjini unakutana na watu. Niulizie injini. Safari hii ya petroli, nyepesi. Ikiingia tu, nitakwenda kumchukua mama yako."

Nilimwambia nitauliza. Sikumuuliza mtu. Jana kapiga simu kutaka kujua nimefikia wapi, nikamjibu kwamba bado wanatafuta, na akasema hapana haraka, atasubiri.