Tayadi

Mupaka leo, nikisikia arufu ya graisse, ile mafuta ya chaîne ya vélo, narudia kuwa mutoto wa myaka saba mbele ya nyumba yetu, nangojea Papa. Papa alikuwa mutu wa toleka. Munajua, ile vélo, baiskeli yenye coussin nyuma: mutu analipa, anaikala, na Papa anapiga pédale toka asubui. Coussin yake ilikuwa nyekundu, na ilibebaka jasho ya batu bote ba Kisangani.

Ile vacances nilitafuta kitu moya tu: kujua vélo mbele ya masomo kuanza. Batoto bote ba avenue balijua, mimi hapana, na balikuwa bananichekelea, bakisema Papa yako anabebaka Kisangani nzima, wewe uko na miguu tu. Na mimi kungoja sijuake, hata sasa.

Bon. Kila mangaribi Papa anafika, anaegemeza vélo ku ukuta, anaikala juu ya kiti ya Mama, anatosha neno moya: "Tayadi." Ilikuwa Kingereza. Mbele ya toleka alitumikaka ndani ya lori za njia ya Bafwasende, na dereva moya wa Uganda ndiye alimufundisha. Aliisema na kicheko kidogo, sawa mutu mwenye kuonyesha viatu vya mupya.

Mimi nilisikia "tayari". Nikasema: "Papa iko tayari, alors twende!" Nikakamata vélo, nikapanguza selle, kile kiti yake, na robe yangu, nikamuvuta mukono.

Mama alikuwa anatwanga majani ya pondu. Akasimamisha mutwangio.

"Papa Neema, mueleze mutoto."

Papa akamuangalia, kisha akaniangalia mimi na ile vélo yenye ilinipita urefu.

"Acha. Amesema niko tayari."

Akasimama, mikono ku magoti kwanza.

Ni vile ilienda vacances yote. Papa anakimbia nyuma yangu, mukono ku selle, sandale zake zinapiga paf-paf ndani ya mavumbi. Nilianguka ku mufereji, nilianguka juu ya makala ya kupikia ya jirani, Mama alishona ile robe mupaka akaiacha. Halafu mangaribi moya nikafika ku mwisho wa avenue, nikasikia sandale hazipige tena. Nikageuka. Papa alikuwa amekaa chini katikati ya njia, kule mbali, mikono juu, anacheka bila pumuzi. Nilikuwa nimekuya peke yangu.

Nikarudia mbio. "Papa, tena!"

Akasema, "Tayadi." Na akasimama.

Mwaka huu, ku somo ya Kingereza, mwalimu aliandika neno ku tableau: tired. Akaisoma kwa sauti, na nilisikia sauti ya Papa kabisa. Maana yake: kuchoka. Bic yangu ikabakia juu.

Mwalimu akaendelea. Ukitoka ku kazi, unasema tired, inatosha. Lakini ukiweka "of" nyuma, na kisha mutu, ni kusema ule mutu amekuchosha, hautaki tena hata kumuona. Classe nzima ikaanza kutupiana ile "of" kwa michezo. Mimi nilikuwa mbali, natafuta ndani ya kichwa, mangaribi moya kisha ingine: coussin nyekundu, mikono ku magoti, paf-paf.

Tayadi, Papa aliisemaka. Kisha anasimama. Lakini "of", sikumusikiaka nayo hata siku moya.