Siku ya Upepo kwa Binti Yangu

Mimi nimeishia darasa la nne, kwa hiyo nukta zikikosea mnivumilie. Nasema nilivyoona.

Binti yangu ameolewa mbali, kwenye bahari ya Mediterania, mji wa bandari wenye kiwanda kikubwa cha kuyeyusha chuma. Mumewe ni kuli. Mwaka juzi waliniita nikamwone mjukuu wangu, wa kike, miaka saba, kifua kilikuwa kinambana. Nikatoka Ilongero na mfuko wa uwele wa uji wake, haujapepetwa vizuri kwa haraka za safari. Habari za choo cha ndege naziacha, nilipata aibu.

Mji ule una rangi ya udongo wetu. Kuta nyekundu, vizingiti vyekundu, hata makaburi. Nikasema moyoni, mbona nimefika nyumbani?

Siku ya tatu, asubuhi, ukavuma upepo mzuri kutoka kiwandani. Kwetu upepo wa namna hiyo haupotezwi, unashika ungo. Ni kazi ya wanawake, lakini mimi mgane nimezoea, anayecheka acheke. Ungo sikuwa nao, nikachukua sinia. Nikapanda kwenye paa lao bapa la kuanikia nguo, mjukuu nyuma yangu.

Kamba zote tupu. Chini barabarani hapakuwa na mtu wala mbwa, na jua linawaka. Nikapepeta. Halafu nikahisi natazamwa. Nyumba ya ng'ambo, nyuma ya kioo, bibi mmoja ananipungia mkono: shuka. Dirisha la juu yake, mkono mwingine. Na mwingine. Mikono mitupu kwenye vioo vilivyofungwa, bila sauti.

"Baba! Shuka na mtoto!" Binti yangu huyo, kwenye ngazi. "Huoni ni siku ya upepo?"

"Upepo ndio nautafuta, mama."

Mjukuu akatoa sumaku mfukoni, watoto wa kule wanachezea, akaipitisha juu ya sinia. Uwele ukabaki. Vumbi likanyanyuka, likasimama kama manyoya ya paka aliyeogopa.

"Babu, ungekula chuma wewe!" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Alikohoa mpaka adhuhuri.

Nikamwambia binti yangu, "Nipe niondoke naye."

Alichukua ile sumaku akaingia chumba cha mtoto, nikamwona anaipitisha juu ya mto wa kulalia. Alipotoka alificha mkono nyuma.

"Mchukue, baba. Sisi kazi yetu iko hapa."

Sasa mjukuu anakimbiza mbuzi Ilongero. Sidai amepona, ila analala. Mama yake hupiga simu mchana, na habari nyingi hataki.

"Baba, muwekee simu kifuani."

Naiweka. Mtoto anapumua, mama anasikiliza. Juzi, katikati ya kimya hicho, king'ora cha kiwanda chao kikalia kwenye simu, kirefu. Mtoto akabana pumzi kama alivyozoea kule, macho wazi, akisubiri kiishe.

"Baba," mama yake akasema, "mbona simsikii?"