Kazi: Mpiga Besi

Kabla sijamwona akipiga, nilimsikia kwa mgongo. Nilikuwa nimeketi ukumbini kwetu Kariakoo nachambua mchele, nimeegemea mlango wa chumba cha mpangaji mpya, mara mlango ukaanza kutetema. Ulikuwa mngurumo mdogo uliopita mbavuni, ukapanda, ukasimama pale nilipodhani utashuka, kisha ukashuka kwa njia yake wenyewe. Nikasahau ungo. Kuku wa jirani walifaidi siku ile.

Mpangaji alikuwa ametoka kusini na begi moja na gitaa la besi lenye nyuzi tatu. Uzi wa nne ulikatika, na miaka ile ya Ujamaa hata sabuni tuliipangia foleni, sembuse uzi wa gitaa. Spika hakuwa nayo, kwa hiyo aliegemeza shingo ya gitaa kwenye mlango ili mbao zimsaidie kusikia. Nilipomuuliza anawezaje bila ule uzi, alisema noti zote zilizokuwa zikikaa pale amezitafutia chumba kwingine. Akaanza kunifundisha, mlango wazi, shangazi yangu ameketi kizingitini kulinda heshima ya nyumba.

"Usikimbilie, dada," aliniambia. "Besi ndiyo inawaonyesha wenzake wakanyage wapi."

Jumapili moja alasiri nilimfuata Buguruni kwenye bugi, lile dansi la mchana la vijana. Bendi ilikuwa bado inamjaribu, na kiongozi wake alikuwa amemwahidi barua ya ajira mwezi ukiisha. Waimbaji walirukaruka mbele. Yeye alisimama nyuma kabisa, ametulia kama mtu anayesubiri zamu yake kliniki, na ukumbi mzima ulikuwa unatembea juu ya vidole vyake. Katikati ya wimbo alinyamaza, mapigo mawili tu, na wachezaji wote wakajikwaa wakicheka. Nikasema moyoni, nataka kuwa huyu. Shangazi alidhani nataka kuwa naye. Mimi nilitaka vile vidole.

Lakini mji ulikuwa umeanza kubadilika. Wanaume hawakutoka tena bila kitambulisho cha kazi mfukoni mwa shati, maana aliyekutwa hana kazi alipakiwa kwenye karandinga la polisi na kupelekwa kijijini kulima. Muuza karanga wa kona yetu alitoweka Jumanne. Alhamisi akafuata mshona viatu. Meza zao zilibaki palepale na hakuna aliyezigusa, hata watoto. Kina mama wakisikia lori walikatiza mazungumzo mpaka lipite. Mlango wa mpangaji nao ukawa kimya mchana kutwa.

Baba yangu alikuwa mjumbe wa nyumba kumi. Aliagizwa apeleke orodha ya wakazi wake wote na kazi ya kila mmoja. Macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, kwa hiyo yeye alitaja, mimi niliandika, kisha akatia sahihi. Alipofika kwa mpangaji alisita kidogo. Akasema niandike fundi baiskeli, maana kila asubuhi mpangaji alimsaidia fundi wa baiskeli wa barazani kwetu, na yule fundi angemtetea.

Nilikasirika. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na kichwa kigumu. Mtu anayetembeza ukumbi mzima kwa nyuzi tatu aandikwe mziba pancha? Nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko yote: mpiga besi. Baba akatia sahihi.

Karandinga lilikuja Jumatatu saa mbili asubuhi. Ofisa alisimama ukumbini na orodha yetu, mgambo wawili nyuma yake. Akafika kwenye mstari ule, akausoma mara mbili, akataka barua ya bendi. Barua haikuwepo, mwezi ulikuwa haujaisha. Baba akageuza uso upande wangu. Hakuniona sawasawa, lakini alijua. Akasema haraka kwamba binti amekosea, huyu ni fundi baiskeli, mwenye kazi yupo barazani aulizwe.

Ofisa akamjibu kwamba mjumbe anayetia sahihi uongo naye ana nafasi ndani ya gari. Kisha akamgeukia mpangaji.

"Sema mwenyewe. Fundi, au hiki kilichoandikwa?"

Nilimwomba kwa macho aseme fundi. Alimtazama baba, akanitazama mimi, akafunga kifungo cha juu cha shati.

"Mpiga besi," alisema.

Wakamchukua. Gitaa lilibaki limeegemea mlango, na habari zake hatukuzipata tena. Baba hakunigombeza. Angenigombeza, labda ningepona. Jioni nilimkuta amesimama ukumbini peke yake, kiganja chake kimelala juu ya ule mlango.

Mpaka leo sijui kama mpangaji alisema vile ili kumwokoa baba, au kwa sababu ndivyo alivyokuwa na hakutaka kukana mbele ya mwanafunzi wake. Nilijifunza kwenye gitaa lake, kwa nyuzi zilezile tatu, na nimepiga besi katika kikundi cha taarabu miaka mingi. Nikijaza fomu, iwe ya benki au ya hospitali, nikifika palipoandikwa kazi mkono unasita. Kisha naandika, na nasikiliza kama kuna lori nje.