Mawe ya Pembeni

Mwezi uliopita nilirudi Uvira, nikafikia kwa mdogo wangu kule Songo. Yeye sasa ni mwalimu katika shule ya kanisa letu la Kipentekoste, ile ile iliyotufundisha kusoma sisi wawili. Asubuhi ya kwanza niliamshwa na nyimbo. Nilitoka nje nimejifunga kitenge, nikawaona watoto wa shule wanapanda kutoka mtoni kwa mstari, kila mmoja na jiwe kichwani, wanaimba haleluya. Kanisa linajenga sekondari. Nilipaswa kufurahi, ndugu yangu, lakini macho yangu yalitafuta mawe yale yametolewa wapi.

Wewe hukuliona kanisa hilo likiwa changa. Lilikuwa kibanda cha matete kilichofunikwa shitingi ya plastiki, na mchungaji wake alikuwa mtu aliyeuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni siku za wiki. Jumapili alihubiri kwa sauti ile ile ya kuita wateja. Wamama walikaa kwenye mikeka, ngoma ikaanza, watu wakanena kwa lugha mpaka kuku wa bibi wakakimbilia chini ya kitanda. Maana nyumba ya bibi yetu, aliyetulea, ilikuwa hapo hapo, kati ya kanisa na mto.

Bibi alikuwa Mkatoliki wa rozari. Kelele zile alizivumilia kama mtu anavyovumilia mvua, akichekecha unga wake wa muhogo uani huku midomo ikisali Salamu Maria. Wapentekoste walipofungua shule, alituandikisha bila kusita. "Mungu ni mumoja," alisema, "na shule iko karibu." Kwake hilo lilitosha.

Sasa, nyuma ya nyumba yake kulikuwa na ukuta wa mawe, mrefu kama kiuno cha mtu mzima, usio na simenti hata kidogo. Kaya zote za ukingoni zilikuwa na ukuta wa namna hiyo. Kila masika yakiisha, majirani waliteremka pamoja, wakaviringisha mawe makubwa kutoka katikati ya mto, wakayapanga ukingoni, wakaziba mianya kwa mawe madogo na kupanda matete. Kazi iliisha kwa ugali na sombe ya majani ya muhogo kwenye sahani moja. Sheria ilikuwa moja tu, na bibi aliirudia kama katekisimu: "Mawe ya katikati iko ya watu. Mawe ya pembeni iko ya muto. Usimuibie muto, uko na hesabu yake."

Kanisa likakua. Watu waliteremka kutoka milimani, wengine wakatoka mtaa wa Kimanga, kibanda kikawa hakitoshi. Mchungaji akatangaza kwamba nyumba ya Mungu na madarasa vitajengwa kwa mawe, na kila mtoto wa shule ataleta moja kila asubuhi. Haba na haba hujaza kibaba, alisema. Ijumaa direktere, mkuu wa shule, alitazama lundo la kila mtoto, na Jumapili jina la aliyeshinda lilisomwa kwenye kipaza sauti, kanisa zima likapiga makofi.

Katikati ya mto kulikuwa mbali, jua kali, mawe yanateleza. Ukingo ulikuwa karibu. Watoto ni watoto. Kuta zikaanza kupungua, leo jiwe hapa, kesho jiwe pale.

Bibi aliliona. Alijifunga kitenge chake cha misa, akaenda mpaka mlangoni mwa kanisa, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. "Pasta, minye siko na pinga Mungu," alisema. "Lakini watoto wako na bomoa pembeni. Muto utakuja kuuliza."

Mchungaji alimsikiliza kwa heshima. Ila wazee wa kanisa walimwona Mkatoliki mwenye wivu. Jumapili ile waliombea "roho ya upinzani iliyo jirani na madhabahu," na sisi wajukuu zake tulikuwemo ndani, tumefumba macho. Mimi nikasema amina. Nakwambia ukweli wangu wote leo.

Na si hilo tu. Nilikuwa mtoto mwembamba, lundo langu la mwisho kila Ijumaa. Nilitamani jina langu lisomwe kuliko nilivyotamani samaki. Basi wiki nzima nilipita nyuma ya matete, nikatoa mawe kwenye ukuta wa bibi mwenyewe, yale mazuri ya chini, nikaziba mashimo kwa majani asione. Jumapili jina langu likasomwa. Bibi alilisikia akiwa jikoni. Niliporudi alikuwa ameniwekea samaki mkeke mzima, akasema, "Mutoto wangu iko na nguvu!" Nilimla yule samaki mpaka mifupa.

Wiki iliyofuata kulikucha na mawingu meusi juu milimani, upande wa Mulenge, siku tatu mfululizo. Kwetu chini hapakudondoka tone. Mchana mmoja tukiwa darasani, mwalimu akanyamaza katikati ya sentensi. Tulisikia kama malori mengi yanashuka mlimani. "Mupande! Mupande yote!" alipiga kelele, akatusukuma kwenda juu.

Kutoka kule juu niliona maji ya udongo yakifika kwenye ukuta. Yaliusukuma kidogo tu. Ukafunguka pale pale nilipopajua mimi, na nyumba ikaondoka.

Mchungaji mwenyewe alijifunga kamba akaingia, akamtoa bibi akiwa hai. Siwezi kumsahau kwa hilo. Walimlaza katika darasa la mwaka wa tatu, na hapo akaishi miezi, mkeka wake chini ya ubao. Jioni moja alipapasa mawe ya ukuta wa darasa, akasema taratibu, "Watoto wa watu walinibomolea. Niliisha kuwasamehe." Nilikuwa nimekaa pembeni yake, namenya muhogo. Nilichukua muhogo mwingine, nikaendelea kumenya. Kifua kilimshika, na kabla ya masika mengine tukamzika. Kwaya ya Wapentekoste ndiyo iliyomwimbia.

Leo mto unapita ulipokuwa uani kwake. Matete hayapo, majirani wale wamekufa au wamehama, na hakuna anayekumbuka kwamba ukuta ulikuwepo. Shule ndiyo imebaki ya kwanza mbele ya maji. Kabla sijaondoka nilimwendea direktere wa sasa, nikamwambia mawe ya ukingoni yaachwe. Alitabasamu. "Mama, muto ule tuliisha uombea." Nilitaka kumweleza ninajuaje. Kwa aibu ya miaka yote nikamuaga tu, nikapanda gari.

Sasa niko Bukavu. Kila nikisikia mvua imenyesha kwenye milima ile, nampigia mdogo wangu, ambaye bado ananiita yaya, yaani dada mkubwa, hata kama yuko kazini.

"Watoto wa shule wako wapi?"

"Wako mu darasa, yaya. Wako na imba. Unasikia?"

Nasikia. Ila mimi sisikilizi wimbo.