Afisa wa Masafa Alivyookotwa

Kila alasiri, katika redio yetu ndogo ya Habaswein, kazi yangu ilikuwa kusoma matangazo ya baadi. Baadi ni mnyama aliyepotea. Desturi yetu ni hii: ukimwokota ngamia wa mwenzio, unamnywesha maji, unamkama, wanao wanakunywa maziwa, lakini humpigi chapa yako. Mwenyewe akija akataja chapa yake iko wapi, shingoni au pajani, unampa ngamia wake. Niliipenda kazi ile kuliko chakula. Familia iliyopoteza ngamia jike imepoteza kikombe cha watoto, nami nilikuwa nakirudisha kwa mdomo tu.

Basi akaja afisa kutoka Nairobi, mnene, mpole, na tai shingoni katika jua lile. Alitukuta hotelini, mimi na mjomba wangu mwenye redio, akaagiza chai, kisha akatuambia hatuna leseni na mtambo wetu utazimwa na kubebwa. Masafa tuliyokuwa tukitumia yana mwenyewe, akasema. Kampuni moja ya Nairobi imepewa kisheria.

"Hiyo kambuni haijasema hata salamu huku," mjomba akajibu kwa Kiswahili chake kisicho na 'p'. "Sisi tulibata masafa inakoroma tu, shhhh. Kisima kama mwenyewe hayuko na maji iko, watu wanakunywa. Yeye akikuja, unasonga."

"Mzee, yeye ana leseni."

"Leseni ya kunyamaza?" nikadakia, maana hasira zangu hazijui foleni.

Afisa alicheka, lakini alisema sheria ni msumeno. Atakwenda kwanza upande wa mji wa Diff na dereva wake, apime sauti yetu inafika wapi, halafu baada ya swala ya Asr arudi kuchukua mtambo.

Asr ikapita, afisa hakuonekana. Simu yake haikupatikana. Mjomba alifurahi waziwazi, hata akajiongezea sukari. Mimi niliogopa. Kupotea katika nyika ile bila maji si mzaha, na watu wangesema sisi ndio tuliowameza. Nikakimbilia maikrofoni. Shida ni kwamba mdomo wangu ulikuwa na njia moja tu, kama punda wa maji. Nikausikia ukisema, kwa Kisomali safi:

"Limepotea gari jeupe, chapa ya serikali mlango wa kushoto. Ndani mna madume wawili, mmoja mnono, amefungwa kitambaa shingoni. Hawapigi teke. Atakayewaona awazuie, awanyweshe, asiwachinje. Mwenyewe anakuja."

Kesho yake dereva wa lori la mbuzi akatuletea habari kwamba baadi wetu wameonekana. Tukaenda, mjomba akinung'unika njia nzima.

Tuliwakuta kisimani. Gari lilikuwa limezama mchangani na wafugaji wakalivuta kwa kamba, ila ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la shuka la bibi mmoja, naye hakuwa mtu wa kuutoa ovyo. Afisa alikaa kwenye kivuli cha gari, maziwa ya ngamia yamemganda kwenye masharubu.

"Nimemweleza mimi ni serikali," akaninong'oneza. "Anasema kila baadi hulia."

Bibi aliniuliza kwa Kiswahili, ili afisa naye asikie haki ikitendeka.

"Abaayo, dada yangu, chaba iko wabi?"

"Mlango wa kushoto, eeddo, shangazi yangu."

"Na nyuma?"

Mjomba, ambaye hajawahi kupitwa na kasoro ya gari la mtu, akasema taa ya kulia imepasuka. Bibi akazunguka kuhakikisha, akarudi taratibu.

"Kweli. Sasa hawa watu ni ya nani?"

Mjomba akatazama mawingu ambayo hayakuwepo. Afisa akanitazama kama ndama aliyetengwa na mamaye, huyo huyo aliyekuja kuninyang'anya kazi.

"Wangu," nikasema.

"Hata hii nono?"

"Hata huyo, eeddo."

Njiani afisa alikuwa mpole kupita kawaida. "Sauti yenu inafika," akasema mwishowe. "Niliisikia pale mchangani. Sikuelewa neno, lakini niliwaona watu wakinijia na kamba."

Tulipofika Habaswein nilisimama mbele ya mtambo kama mama mbele ya mwanawe. Nilikuwa karibu kulia, na nilijichukia kwa hilo. Afisa akauangalia, akamgeukia mjomba.

"Mwenye masafa akija, mtampisha?"

"Tutambisha. Na chai atakunywa."

Akasema atatupa nafasi ya kuomba leseni, naye atapendekeza tuachiwe masafa hayo mpaka mwenyewe atakapoanza kuyatumia. Ofisi ikikataa, atarudi kuubeba mtambo kwa mikono yake. Kisha akalegeza tai, akaomba maikrofoni, kwa kuwa bibi wa kisimani alikuwa amemfundisha kwamba aliyeokota hutangaza.

"Yameokotwa masafa hapa Habaswein," akasema kwa sauti ya ofisini. "Yananyweshwa vizuri, hayajapigwa chapa. Mwenyewe ajitokeze."

Nikatafsiri kwa Kisomali, nikicheka hadi nikapaliwa.

Ruhusa ya muda ilikuja baadaye. Tangazo lile nalisoma mpaka leo, baada ya ngamia na kabla ya mbuzi. Nalisoma polepole na kwa ukweli, kama desturi inavyotaka, na kila nikimaliza namwomba Mungu afanye mwenye masafa awe hajasikia.