Mkono wa Kwenye Mashine

Tangu kaka yake azikwe, Shangazi hakukaa kitako. Aliingia jikoni akasahau alichofuata, akatoka. Alifagia ua uliokwisha kufagiliwa. Akipiga magoti kumwombea marehemu, kabla hajafika katikati ya dua miguu ilikuwa imeshamwinua. Wifi yake, yaani mjane wa marehemu, waliyekaa naye nyumba moja miaka yote, alimvumilia mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Wifi, kaa. Unanitia kizunguzungu."

Akakaa. Akavuta pumzi. Akainuka.

Hata zamani hakuwa mtu wa kutulia. Mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata waliomzidi umri, na watani wake walimwita Maji ya Moto. Aliwahi kushona, akaacha. Aliwahi kuuza vyombo vya plastiki, akaacha. Aliwahi hata kuolewa. Palipomtuliza ni mahali pamoja tu, pale nyuma kwenye chombo cha kaka yake, kana, ule mti wa kugeuzia usukani, ikiwa kwapani mwake.

Kilikuwa chombo kidogo cha mbao, chenye mlingoti mmoja na tanga la viraka, na nyuma kabisa kimefungwa mashine ndogo ya kukisukuma upepo ukikataa au nafasi ikibana. Kazi yao ilikuwa kupeleka mikate, maji ya kunywa na vipuri kwenye meli zilizotia nanga nje. Nje huko hapakuwa na shida. Shida ilikuwa ndani ya bandari yenyewe, ambamo vyombo vilipangwa kama viatu mlangoni mwa nyumba yenye msiba. Humo tanga hukunjwa na mashine huwashwa, na mtu hugundua kwamba usukani peke yake hautoshi. Chombo kikienda taratibu, maji hayausukumi, na usukani usiosukumwa na maji ni ubao tu. Lazima mashine nayo igeuzwe, isukume kwa ubavu.

Wengine hufanya yote mawili peke yao, mkono huu kwenye kana, mkono ule kwenye mashine. Hawa ndugu waligawana. Dada usukani, kaka mashine. Hawakuambizana neno, kaka alitazama bega la dada yake, bega likienda naye aligeuza. Watu wa gatini walisema wale wawili wana ubongo mmoja, ila haijulikani nani kaubeba leo. Kulikuwa pia na kile kitasa cha kuizuia mashine isiruke juu ikitiwa gia ya nyuma. Kilivunjika zamani. Marehemu akawa anaikandamiza kwa goti, na mkewe alipomwambia akitengeneze, alijibu, "Goti langu lipo."

Hakufa majini. Alikufa kitandani, asubuhi, chai yake ikapoa mezani. Bwana alitoa, Bwana alitwaa. Shangazi aliyasema hayo kwa kila aliyekuja kumpa pole, na kila aliposema alikuwa anatafuta mlango kwa macho.

Ndipo Bwana Gati, msimamizi wa bandari, akaja kutoa rambirambi na taarifa kwa pamoja. Sehemu ya ndani itachimbwa. Kila chombo kihamie gati jipya kabla ya Jumamosi, kikiendeshwa na wenyewe. Kuvutana kwa kamba humo ndani hakuruhusiwi tena, maana watu walishavunjiana vyombo. Kitakachobaki kitanyanyuliwa na kuwekwa nchi kavu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Mbao zile zilikuwa zimezoea maji. Zikikaa juani zitafunguka, na chombo kitakuwa kuni.

Wifi yake alisema labda ni heri kiwe kuni. Kilimchosha mume wake, kikamlaza akikohoa, na sasa kinataka kummaliza na aliyebaki. Shangazi akasema atakitoa mwenyewe. Mabaharia wawili walijitolea kumshikia mashine, naye akawashukuru na kuwakatalia. Nani ashike mahali pa kaka yake, na udongo wa kaburi haujakauka?

Siku ya Ijumaa wifi yake alimfuata gatini. Alikuwa amevaa kanga ya kutokea, mkoba mkononi, kama mtu anayekwenda kliniki.

"Unakwenda wapi?" Shangazi akamuuliza.

"Unakokwenda. Nikae nyumbani nisubiri kuletewa habari? Nimeshaletewa za kutosha."

Aliingia akakaa kwenye ubao wa katikati, mkoba mapajani, macho ameyafumba. Shangazi alifungua kamba, akasukuma nguzo za gati kwa mikono mpaka chombo kikatoka uso mbele, akavuta kamba ya mashine. Ikawaka kwa kukohoa. Wakaingia kwenye uchochoro wa maji, vyombo kulia, vyombo kushoto, taratibu, upepo ukiwasukuma ubavuni. Watu walitoka kutazama. Moyo wake ukatulia kidogo. Anaijua njia hii.

Walipofika kwenye pembe, mahali pa kukata kushoto kuelekea gati jipya, alisukuma kana kulia yote, kama alivyofanya maisha yake yote. Akangoja.

Chombo hakikukata. Kiliendelea mbele, polepole, kuelekea ubavu wa boti kubwa jeupe ambalo vioo vyake peke yake vilipita thamani ya kila walicho nacho. Usukani umelala upande, na yeye bado anangoja. Kisha akasema, si kwa kelele, kama mtu anayemkumbusha mwenzake chumvi mezani:

"Kaka, geuza."

Wote walisikia. Mtu mmoja kwenye gati alivua kofia.

Wifi yake alifumbua macho. Shangazi alikuwa ameganda, anatazama mashine iliyonyooka mbele, isiyo na mkono. Ndipo akashtuka, akatia gia ya nyuma kukisimamisha, na mashine, isiyo na kitasa wala goti, ikaruka juu ikanguruma hewani. Panga zake zikazunguka bure.

Mkoba ulianguka. Wifi yake alipita juu ya kamba na makasia, kanga imekunjwa magotini, akaishukia mashine kwa goti lake na uzito wake wote. Ikazama. Maji yakachafuka povu, chombo kikasimama kimebakiza shubiri tu kufika kwenye lile boti.

"Sasa nifanye nini?" akauliza, bila kuliondoa goti.

"Tunakwenda mbele," Shangazi akasema, akitia gia ya mbele. "Shika mpini wa mashine. Nikisukuma kana kulia, na wewe sukuma kulia. Tazama bega langu."

"Nalitazama, wifi. Sukuma basi."

Wakasukuma pamoja. Nyuma ya chombo ikateleza kulia, uso ukakata kushoto. Boya la mpira la boti jeupe likawasugua, likalia kwa uchungu, likawaacha. Shangazi alikuwa anaomba kwa sauti bila kujua, jina la Mungu na jina la kaka yake katika sentensi moja. Waliingia nafasi yao kimshazari, kama mlevi anayepita mlango, lakini wakaingia.

Bwana Gati alipokea kamba. Aliuliza chombo kiko mikononi mwa nani siku hizi, maana lazima ajue wa kumwita. Shangazi aligeuka kuitazama mashine.

"Kiko mikononi mwetu," wifi yake akajibu. "Yeye pale, mimi hapa. Na kitasa kitatengenezwa kesho. Marehemu alinidanganya, goti linauma."

Shangazi akacheka, kicheko kikageuka, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha akataka kuinuka akaze kamba iliyokwisha kukazwa. Wifi yake akamshika upindo wa nguo.

"Kaa."

Akakaa, ingawa miguu yake iliendelea kupigapiga ubao wa chini, na mkono wake haukuiachia kana.